Juni ya Kidato cha Nne

Kwa mkulima wa Kishapu, Juni ni mwezi wa pamba. Vitumba vimepasuka, mizani ya chama cha ushirika, AMCOS, inafanya kazi, na kila mkono uliopo nyumbani unatakiwa shambani. Kwa familia ya Msalala au Ushetu, Juni ni mpunga: kukata, kupiga, kupepeta, kulinda magunia usiku. Geita mvua zimekatika, maji yamepungua kwenye maduara, yaani mashimo ya machimbo, na wachimbaji wadogo wanashuka tena chini ya ardhi. Ni msimu wa ngoma pia. Baada ya mavuno makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu hushindana, harusi hufuatana, na ng'ombe wa mahari huhama zizi moja kwenda jingine.

Katika mwezi huohuo kuna kijana wa kidato cha nne aliyefika nyumbani na begi la madaftari. Hii ni likizo yake ndefu ya mwisho. Shule zitafunguliwa mapema Julai, utafuata mtihani wa utamilifu, mapumziko ya Septemba yatapita kabla hajakaa sawasawa, na Novemba Baraza la Mitihani la Tanzania litaweka karatasi mezani kwake. Mbele yake kuna takriban mwezi mmoja. Kila mtu hapo nyumbani ana haja ya halali na mwezi huo, na hakuna aliyemuuliza yeye anautaka kwa ajili gani.

Tumezoea kuzungumzia kufaulu na kufeli kana kwamba yote hutokea darasani. Tunahesabu madawati, matundu ya vyoo, walimu wa sayansi. Ni hesabu za lazima. Lakini katika ukanda huu, kutoka Shinyanga mjini hadi Kahama, Masumbwe, Katoro na Geita, sehemu kubwa ya pengo kati ya mtahiniwa na mtahiniwa hufunguka wakati shule zimefungwa. Wawili wanaoketi dawati moja Mei, wakiwa na alama zinazokaribiana, hurudi Julai mmoja akiwa ameyapitia maswali ya miaka kadhaa iliyopita na mwingine akiwa na sugu mpya viganjani.

Sugu hizo zina historia yake. Karibu na machimbo ya Rwamgasa, Nyarugusu au Kakola, kazi haitafutwi mbali. Mawe yakitoka kwenye duara huvunjwa kwa nyundo, hupelekwa kwenye karasha yakasagwa kuwa unga, kisha unga huoshwa mwaloni juu ya ubao uliotandikwa magunia ili dhahabu inase. Hufuata zebaki, inayokamata chembe za dhahabu, na moto unaoichoma zebaki hiyo ikapaa hewani na kuingia mapafuni mwa aliye karibu. Agosti 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, baada ya watafiti wake kufika Geita, Kahama na Chunya. Walikuta watoto wadogo hadi wa miaka minane wakichimba, wakibeba mizigo na wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamlinda dhidi ya kazi za hatari. Sheria zipo. Karasha nayo ipo, na hulipa siku hiyohiyo.

Hapa sipendi tumhukumu kijana kwa haraka, tukasema amependa pesa kuliko shule. Tangu Januari 2016 elimu ya sekondari ya serikali hadi kidato cha nne haina ada, na gharama ya mtihani wa taifa haimhusu tena mzazi. Ni hatua kubwa ambayo wazazi wa vijijini hawataisahau. Hata hivyo, sare, viatu, madaftari na chakula bado ni vya mzazi. Bado kuna geto, chumba cha kupanga. Shule za kata zilizoenea kuanzia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa mwaka 2004 zilisogeza darasa karibu, lakini katika wilaya zenye vijiji vilivyotawanyika, karibu kunaweza kumaanisha mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ndiyo maana wengi hupanga vyumba jirani na shule, wawili au watatu chumba kimoja, wakijipikia wenyewe. Kodi ya Julai lazima itoke mahali. Kijana anayeponda mawe Juni mara nyingi anatafuta kodi ya chumba atakachosomea Julai. Anauza saa za kusoma ili anunue mahali pa kusomea. Katika habari yote hii, hilo ndilo linaloniuma kuliko jingine lolote.

Kwa binti mambo hubadilika sura, uzito ukawa uleule au zaidi. Akifika nyumbani anakabidhiwa ndoo, jiko na wadogo zake. Saa zake hukatwa vipandevipande, kiasi kwamba hata akipata nusu saa ya utulivu, kichwa kinakuwa bado kisimani. Na umri wake ndio ule ambao wazee huanza kuuzungumzia mavuno yakiwa mazuri. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliiweka Shinyanga juu ya mikoa yote kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Shinyanga ya wakati huo ilikuwa bado na Bukombe na sehemu kubwa ya Simiyu ya leo, hivyo takwimu hiyo inahusu sehemu kubwa ya ukanda huu. Mengi yamefanyika tangu hapo. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilivitangaza vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 kuwa vinapingana na Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalikwishaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba. Lakini hakimu hayupo jikoni Juni. Mwalimu anayemwona binti kila siku, na ambaye angeshtuka asipomwona, yuko likizo pia.

Kwa hiyo tunaposema watoto waachwe wapumzike, tuulize kwanza wanapumzika wapi.

Nawaelewa wanaopinga masomo ya likizo. Wana hoja, na hoja yao ina mashiko. Kenya ilifika mbali zaidi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuwekwa kwenye tuisheni ya likizo, kwa sababu jambo lililoanza kama msaada liligeuka biashara. Hapa kwetu pia Wizara ya Elimu imewakumbusha wakuu wa shule mara kwa mara kwamba kalenda ya mihula iheshimiwe. Mzazi aliyeahidiwa elimu bila ada asikutane na bahasha ya mchango wa lazima kila mwezi wa sita. Mtoto wa darasa la saba, mwenye miaka 12 au 13, hafai kukalishwa darasani tangu alfajiri hadi usiku kwa jina la maandalizi. Mwalimu naye ni mtu. Juni ndiyo nafasi yake ya kwenda kwao, kuvuna shamba lake, kumwona daktari, kumaliza kozi ya kujiendeleza. Anayemdai mwezi huo bila malipo wala shukrani anamchosha mtu ambaye Julai atatakiwa kubeba darasa zima.

Nakubaliana na yote hayo, na bado naamini mtahiniwa wa kidato cha nne wa Nyang'hwale au Mbogwe anahitaji kupewa mahali pa kukaa na kusoma Juni. Mfano wa jinsi jambo hilo linavyowezekana haukutoka mbali.

Simiyu ilizaliwa mwaka 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zikitoka Shinyanga. Ni ardhi ileile ya pamba na ng'ombe, watu walewale. Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa huo, kuanzia 2016 hadi 2021, mkoa uliendesha makambi ya kitaaluma kwa madarasa ya mitihani. Wakati wa likizo watahiniwa kutoka shule mbalimbali waliwekwa pamoja kwenye shule chache zenye nafasi. Walimu waliosifika kwa somo fulani walikusanywa kutoka wilaya zote, na wazazi, halmashauri na wadau wakachangia chakula. Mkoa uliokuwa mchanga na maskini ukapanda katika orodha za matokeo ya kitaifa, na wengine wakaanza kuuangalia.

Nguvu ya kambi iko wapi? Wengi hudhani ni saa nyingi za kusoma. Mimi naona mambo mawili yaliyo rahisi kuliko hilo. La kwanza ni kwamba kambi hugawana walimu. Shule ya kata isiyo na mwalimu wa Fizikia kwa mwaka mzima haiwezi kumpata kwa maombi, lakini mkoa mzima hauwezi kukosa walimu wanne au watano hodari wa Fizikia. Ukiwakusanya mahali pamoja kwa wiki tatu, mtoto ambaye hajawahi kuona mtu akikokotoa swali la umeme ubaoni hatua kwa hatua, anaona. Katika Hisabati hali ni mbaya nchi nzima: kwa miaka ya karibuni, kati ya kila watahiniwa wanne wa kidato cha nne, takriban watatu au zaidi wameshindwa. Kumpeleka mwalimu mmoja mzuri mbele ya wanafunzi wa shule sita ni msaada ambao hakuna jengo litakalouleta.

La pili ni sahani ya ugali. Kambini mtoto hajipikii, hachoti maji ya watu wanane, hachungi, haulizwi kwa nini ameinamia kitabu wakati jua linawaka. Saa zake zimekuwa zake. Chakula kinanunua muda, na muda ndio ambao mtoto wa maskini hana.

Ndiyo maana nazitazama fedha za migodi kwa jicho hili. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inaitaka kampuni yenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuchangia jamii na kukubaliana na halmashauri. Mgodi wa Geita umekwishafanya mambo yanayoonekana. Shule ya Wasichana Nyankumbu, mjini Geita, ilijengwa kwa fedha zake, na mabinti wengi wamepita hapo. Lakini majengo yana mvuto wake: yanapigwa picha, yanakatwa utepe, yanabaki na kibao ukutani. Magunia ya mahindi na maharage kwa ajili ya watahiniwa wa kata kumi kwa wiki tatu hayana utepe wa kukata, na hadi Julai yatakuwa yameliwa yakaisha. Ningekuwa diwani ningeyapigania hayo mbele ya madarasa mawili mapya, na ningeomba mhasibu akae pembeni yangu tulinganishe gharama.

Kambi pia hukosewa. Ikiwa ya lazima na ya kulipia, inarudi kwenye ubaya uleule ambao Kenya iliukataza. Ikiwa ya vipanga tu, inawapa wenye nacho. Na kosa linaloonekana zaidi ni la kuigeuza kuwa muhula wa tatu: mwalimu anaingia, anaandika ubao mzima, wanafunzi wanakopi, anatoka, anaingia mwingine. Pindi baada ya pindi, mikono inachoka na kichwa kimekaa tu.

Kuna jaribio maarufu la wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, lililochapishwa mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi. Kundi moja liliisoma mara nne mfululizo. Kundi jingine liliisoma mara moja, kisha mara tatu likatakiwa kuandika lile lililokumbukwa bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne ndio waliokumbuka zaidi, na walijiamini sana. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Kurudia kusoma humpa mtu hisia ya kujua, na kujilazimisha kukumbuka humpa kujua kwenyewe. Kutoka Juni hadi Novemba si wiki moja, ni miezi mitano.

Kwa lugha ya wanafunzi wenyewe, kupiga msuli juu ya madesa usiku kucha ni tofauti na kufunga daftari na kusolvu. Anayesoma ukurasa wa usanisinuru mara saba amesoma. Anayefunga kitabu, akachora jani kwa kumbukumbu, akafungua na kuona alichosahau, huyo ndiye anayejiandaa. Na kwa hili hakuna haja ya mwalimu kila saa. Diskasheni ya vijana watano chini ya mwembe inatosha, mradi mmoja aulize na wenzake wajibu vitabu vikiwa vimefungwa. Kijiji ambacho kina mwanafunzi wa kidato cha sita aliyemaliza mitihani Mei na sasa anasubiri matokeo, kina mwalimu wa bure mlangoni.

Baraza la Mitihani lenyewe limeweka msaada mkubwa ambao shule nyingi hazijautumia ipasavyo. Kwenye tovuti yake, bila malipo, huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo mtu anaona swali, anaona ni watahiniwa wangapi walilikosa, na anaona sampuli za majibu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, zuri na baya, pamoja na maelezo ya kwa nini moja lilipata alama na jingine halikupata. Kwa mtoto wa Ushetu ambaye hajawahi kuona jibu lenye alama zote likoje, karatasi hizo ni mali. Mkuu wa shule akichapa nakala chache za Hisabati, Baiolojia, Historia na Kiingereza kabla shule haijafungwa, akazigawa kijiji kwa kijiji, amefanya kazi ya Juni nzima kwa gharama ya rimu moja au mbili.

Taarifa hizo pia hurudia jambo ambalo kila mwalimu wa ukanda huu analijua: watahiniwa wengi huanguka kwa sababu hawakuelewa swali linataka nini, au walielewa wakakosa maneno ya kujibu. Mtihani ni wa Kiingereza isipokuwa masomo machache kama Kiswahili. Mtoto wa Mbogwe huamka kwa Kisukuma, huenda gulioni kwa Kiswahili, na Kiingereza hukutana nacho darasani tu. Ukimtoa darasani mwezi mzima, lugha ya mtihani nayo inalala mwezi mzima. Kwa hiyo hata asipogusa somo jingine, kuandika aya moja ya Kiingereza kila siku, kueleza jambo alilosoma, ni kinga dhidi ya kushuka. Serikali na wasomi waendelee na mjadala wa lugha ya kufundishia, ni mjadala wa haki, lakini mtahiniwa wa mwaka huu hawezi kuusubiri.

Mwaka 2020 nchi nzima ilipata nafasi ya kuona likizo isiyopangwa inafanya nini. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wakasubiri hadi Juni 29. Vipindi vya redio na televisheni vilitangazwa, na majukwaa ya kusomea mtandaoni kama Shule Direct, lililoanzishwa na Faraja Kotta Nyalandu mwaka 2013, yalikuwapo tayari. Mwenye simu janja, bando na mzazi wa kumhimiza alifaidi. Kwa asiye na hayo, zaidi ya miezi mitatu iligawanywa na wengine: shamba, mifugo, biashara ndogo, machimbo. Muda ulikuwa mwingi, wa kuulinda ndiye aliyekosekana.

Kambi haitafika kila kata mwaka huu wala mwakani, na wapo wazazi ambao kwa sababu nzuri hawatataka binti yao alale mbali. Basi yapo mengine ya kufanya. Darasa moja la shule ya msingi likiachwa wazi asubuhi na mtu mzima mmoja wa kamati ya shule akiwapo, ni kambi tosha. Kanisa na msikiti vina ukumbi, kivuli na heshima ambayo hata mzazi mkali huikubali: ukimwambia binti yuko kwa katekista au kwa ustadhi anajisomea na wenzake, hatamfuata na ndoo. Aliye karibu na Shinyanga mjini ana maktaba ya mkoa ya Bodi ya Huduma za Maktaba.

Linalobaki ni kugawana mwezi waziwazi, na mahali pake ni kikao cha wazazi cha Mei, kabla watoto hawajarudi nyumbani. Wakulima hawahitaji kuelezwa kwamba pamba haichumwi na umande. Nyuzi zikikusanywa mbichi huchafuka na kuoza ghalani, ndiyo maana maofisa ugani husisitiza kusubiri zikauke. Ng'ombe wengi nao hawatoki zizini alfajiri. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, kazi kubwa za Juni huwa bado hazijaanza, na kichwa ni kipya. Kwa siku ishirini na tano za likizo hizo ni saa sabini na tano, zaidi ya wiki mbili za vipindi shuleni. Mwenyekiti wa kikao aziandike kwenye muhtasari kuwa ni za mtahiniwa, wa kiume na wa kike sawasawa, wazazi waweke sahihi, na mtendaji wa kijiji apewe nakala.